Kabla ya kununua mota mpya ya gereji, badilisheni risiva

Kwa Mhariri,

Katika mitaa kama Milimani, Riat na Tom Mboya hapa Kisumu, mwenye nyumba akisema rimoti ya mlango wa gereji imezeeka, mara nyingi huambiwa ang'oe mota anunue nyingine. Huo ni ushauri wa kumtia mtu hasara bure. Mota ikiwa bado inavuta bila kukwaruza, kinachofaa kubadilishwa ni risiva (kisanduku kinachopokea amri ya rimoti) na rimoti yenyewe, maana mwizi hahangaiki na mota, bali na msimbo wa rimoti.

Fungua rimoti ya zamani. Ukiona safu ya swichi ndogo ndogo ndani, rimoti hiyo hutuma msimbo uleule kila ukibonyeza. Swichi 8 zina mipangilio 256 tu, na swichi 12 zina 4,096. Mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha kwamba kifaa cha kuchezea watoto, kikibadilishwa kidogo, kinaweza kujaribu mipangilio hiyo yote kwa sekunde zisizofika 10. Hata rimoti isiyo na swichi inaweza kuwa na udhaifu huo. Ikikopiwa kibandani mjini bila mtu kuigusa risiva nyumbani, karibu kila mara msimbo wake haubadiliki. Nunua seti ya msimbo unaobadilika, ambayo kila bonyezo hutuma namba mpya na risiva hukataa ile iliyokwisha kutumika.

Kabla ya kugusa waya, pima mlango wenyewe. Ukiwa umefungwa, zima umeme, vuta kamba ya kuutenganisha na mota, uinue kwa mkono hadi kiunoni kisha uuachilie polepole. Kamba hiyo usiivute mlango ukiwa juu, kwa sababu springi ikiwa imekatika, utaanguka wote. Mlango ukitulia pale kiunoni, springi ziko sawa. Ukishuka au ukipaa, simamisha kazi umwite fundi mwenye vyuma vya kukazia springi. Springi ya msokoto ina nguvu ya kuvunja mkono, na bisibisi si chombo chake. Hapa ndipo mota nyingi huharibikia: iliundwa kusogeza mlango uliosawazishwa na springi, si kubeba uzito wote. Ukifunga mota mpya kwenye mlango mzito namna hiyo, nayo itakufa vilevile.

Sasa tafuta skrubu mbili ambapo waya za kitufe cha ukutani zinaingia kwenye mota. Rudisha umeme, uziguse kwa pamoja kwa waya mfupi kwa sekunde moja. Mlango ukisogea, risiva ya nje itafanya kazi. Usiposogea, huenda kitufe chako ni cha kielektroniki, na itabidi kutumia risiva iliyotengenezwa kwa mota hiyo.

Zima umeme tena. Risiva ina skrubu tatu zilizoandikwa COM, NO na NC. Peleka waya kutoka COM na NO hadi kwenye zile mbili za kitufe, NC uiache wazi. Risiva iweke katika hali ya bonyezo, siyo ya kushikilia. Ikishikilia, mota huona kana kwamba kidole bado kiko kwenye kitufe, na amri nyingine hazisikiki. Umeme wa risiva pima kwa mita: mota nyingi hutoa volti 24, na risiva ya volti 12 pekee itaungua hapo hapo.

Antena ya risiva ya masafa ya 433.92 MHz ina urefu wa takriban sentimita 17.3. Inyooshwe, ikae mbali na reli ya chuma. Kuikunja ndani ya kasha ndiyo sababu rimoti hufanya kazi ukiwa umeshafika mlangoni tu. Balbu za LED za bei rahisi nazo huvuruga mawimbi. Zima taa ya gereji ujaribu tena kabla ya kulaumu betri.

Ukanda wetu, kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Kericho, una radi nyingi mno. Weka kinga ya radi kwenye laini ya umeme, na ethi iwe ya kweli, siyo waya uliochomekwa ukutani. Matundu ya waya yazibwe kwa silikoni, kwa sababu mjusi kafiri hupenda joto la bodi na akigusa njia mbili huichoma.

Jambo linaloudhi zaidi ni macho ya usalama (vihisi viwili vya mwanga vinavyozuia mlango kumfungia mtu) kuachwa, au skrubu zake kuunganishwa kwa waya ili mota idhani yapo. Marekani iliyalazimisha, au kinga nyingine kama hiyo, kwa mota za gereji za nyumbani tangu 1993. Yafungwe yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, mtoto anayetambaa aonekane. Kisha laza kipande cha mbao cha sentimita 4 chini ya mlango: mlango ukikigusa, urudi juu ndani ya sekunde 2.

Mwisho, ondoa risiva ya zamani au futa misimbo yake yote, la sivyo rimoti za kale zitaendelea kufungua na kazi yote itakuwa bure. Nyumba za kupanga zifanye hivyo kila mpangaji anapohama, hata akirudisha rimoti.

Fundi wa milango ya umeme,
Kisumu