Nanaa kwenye ncha ya leso

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kunusa mafuta ya nanaa ili mtu apate hamu ya mazoezi imenichekesha, maana sisi huku Langoni jambo hilo twalifanya zamani, tena bila kununua chupa. Tu wanawake watano. Baada ya swala ya alfajiri twatoka kwa miguu hadi Shela, kama kilomita 3 kwa njia ya ufuoni, kisha twarudi. Daktari aliniambia sukari yangu haitashuka kwa vidonge pekee.

Kazi ni kuamka. Usiku nafunga majani matatu ya nanaa na kijitawi cha rehani kwenye ncha ya leso. Nikimaliza kuswali nayafikicha, na miguu inajua safari imefika. Najua wako watakaosema mwanamke hatoki na manukato. Fundo liko ndani ya buibui, nanusa peke yangu. Mpita njia akisikia harufu, itakuwa ya punda.

Utafiti wa Marekani mlioutaja mwanangu alinisomea. Ulichapishwa 2001, wa Bryan Raudenbush na wenzake. Wanamichezo walionusa nanaa walikimbia kwa kasi zaidi na mkono ukashika kwa nguvu zaidi, lakini katika kurusha mpira wa kikapu golini hawakuwa hodari kuliko awali. Na ule ubaridi wa puani ni neva za baridi zimechokozwa tu, hewa inayopita ni ile ile. Hilo silihitaji kusomewa: kwenye vilima vya mchanga vya Shela, pamoja na nanaa yangu, nahema kama punda aliyebeba mawe.

Lakini lililonishikisha kalamu ni kafuri, mliyoisifu kuwa huchangamsha. Mwaka jana jirani yetu alijiunga nasi, akaja na marhamu ya kuchua yenye kafuri, akatupaka mabegani. Wenzangu wakafurahi. Mimi hatukufika hata nusu ya njia, magoti yakalegea. Miaka sita nyuma nilikuwa miongoni mwa waliomwosha marehemu mama kabla ya kuzikwa. Kafuri ilikuwa kwenye maji ya mwisho na kwenye pamba. Asubuhi ile nikawa tena katika chumba kile, mlango umefungwa, vidole vyangu vimekunjamana kwa maji. Nikakaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa mpaka wenzangu wakarudi kunichukua.

Harufu ina njia fupi mno ya kufika pale ubongo unapoweka kumbukumbu. Basi msituandikie kana kwamba pua zote zimelelewa nyumba moja. Mwambieni mtu achague harufu aipendayo, aiwekee mazoezi tu, aizoee. Na mngeonya pia kwamba mafuta hayo makali hayapakwi puani mwa mtoto mchanga, yaweza kumbana pumzi. Wala udi haufukizwi chumbani mtu akiruka kamba. Moshi ni moshi, hata ukinukia.

Jirani bado twatembea naye. Marhamu huiacha nyumbani, na nanaa alikuwa akiniomba kila asubuhi hadi nikachoka, nikamkatia tawi akapande kwenye mkebe wa maziwa.

Mama wa watoto wanne,
Langoni, Lamu