Kani gani inaisukuma boti?

Newala, Jumapili jioni

Ndugu yangu Baba Zuhura,

Asalaam aleykum. Huku hatujambo. Korosho zimeanza kudondoka, na watoto wakitoka shule wanapitia mashambani kuokota. Natumaini mgongo wa Mama Zuhura umepata nafuu.

Swali la binti yako nimekaa nalo wiki nzima. Siku ile tunavuka kwenda Kitunda ulizima mashine kabla hatujafika, boti ikaendelea kuteleza, naye akaniuliza: "Mwalimu, sasa hivi kani gani inaisukuma?" Nilimjibu harakaharaka maana abiria walishaanza kusimama, na nilimwona usoni kwamba hakuridhika.

Mwambie hakuna. Boti ikishakuwa kwenye mwendo haihitaji kusukumwa ili iendelee, inahitaji kuachwa tu, na maji ndiyo hayaiachi. Yanaishika chini na ubavuni mpaka inasimama. Yangekuwa hayana ukinzani, na upepo haupo, ungezima mashine ukitoka tu Lindi, na kasi ingebaki ileile hadi ugonge mchanga wa Kitunda.

Asione haya kwa kuuliza. Aristotle wa Ugiriki naye aliamini kwamba kinachokwenda lazima kiwe na kinachokisukuma, na watu wakamfuata kwa karne nyingi. Kitabu cha Newton kilichoweka sawa jambo hili kilitoka mwaka 1687: kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje ikibadilishe. Tabia hiyo ndiyo inesha. Wewe unaijua kwa mikono, ndiyo maana boti ikijaa watu unazima mashine mapema zaidi.

Atakuuliza: basi katikati ya maji mashine inafanya nini? Inalipa ukinzani. Ikisukuma mbele sawasawa na maji yanavyozuia, kani hizo mbili zinafutana na boti inakwenda kwa kasi isiyobadilika. Hapa wanafunzi wangu wengi hukwama. Wanadhani kani zikilingana, kitu lazima kisimame.

Na boti inaposimama, nishati yake haijapotea. Imeingia kwenye yale mawimbi yanayobaki nyuma yako, na nyingine imekuwa joto ndani ya maji, dogo mno kwa bahari ile kulihisi. Mimi nililihisi kwenye baiskeli. Mwaka jana nilishuka mteremko wa kwenda bondeni na mfuko wa saruji wa kilo 50 kwenye keria. Mimi na baiskeli ni kama kilo 90, jumla 140. Kila mita 10 za kimo tulizoshuka, dunia ilitupa jouli (kipimo cha nishati) kama 14,000, na zote, ukiacha kidogo cha upepo na matairi, ilibidi zimezwe na vipira vya breki. Bila saruji zingekuwa 9,000. Nilisikia harufu ya mpira unaoungua, nikajitahidi nikasimama kando, nikagusa ringi ya mbele kwa kidole. Niliondoa mkono upesi, na alama ilikaa siku tatu.

Hapo nakuomba umsomee taratibu, kwa sababu vijana wetu wanakufa na bodaboda kwa kutolijua hili. Kasi ikiwa mara mbili, nishati ya mwendo inakuwa mara nne. Ukiwa na kasi ya mita 3 kwa sekunde na breki zikakusimamisha ndani ya mita 3, basi ukiwa na mita 6 kwa sekunde, kwa breki zilezile utahitaji mita 12. Ng'ombe akiwa amesimama mita 8 mbele yako, umeshamgonga.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Darasani anayasoma haya kwa Kiingereza, na naona anakariri maneno kabla jambo lenyewe halijamkaa. Likimkaa, Kiingereza chake kitafuata.

Nitateremka Lindi shule zikifungwa. Nipangie siku moja tuvuke boti ikiwa tupu na tena ikiwa imejaa, Zuhura ahesabu sekunde tangu unapozima mashine. Aje na daftari na kalamu ya risasi, ya wino italowa.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi nduguyo,
Mwalimu Hamisi