Chikanda sio viazi mviringo, jamani

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee biashara ya chikanda, vile viazi vya porini vya kula, maana huku Nyanda za Juu Kusini tumeshazoea, viroba vinapakiwa kwenda Tunduma vinavuka Zambia na watu wanaona ni sawa tu na viazi mviringo, ukivuna mwaka huu mwakani utavuna tena. Sio hivyo kabisa.

Chikanda ni kiazi cha okidi, maua yaleyale watalii wanayofuata kwenye hifadhi ya Kitulo. Chimbua shina moja taratibu utakuta viazi viwili, kimoja kimesinyaa kwa sababu ndicho kimelisha majani na maua ya mwaka huu, cha pili kigumu kimejaa, hiyo ni akiba ya mwakani. Kule juu kwenye mita 2,600 mwezi wa sita mpaka wa nane baridi inaunguza majani, kiangazi moto nao unapita, juu ya ardhi panabaki pakavu ila okidi iko hai chini, ndani ya hicho kiazi kigumu. Sasa mchimbaji anabeba kipi? Hichohicho kigumu! Kilichosinyaa anatupa, na mmea umekufa hapohapo.

Mtu atasema mbegu si zipo. Zipo, tunda moja lina maelfu, lakini ni vumbi tupu, hazina chakula ndani kama mahindi au maharage, mpaka zikutane na fangasi wa kwenye udongo awalishe ndio ziote, na zikiota inachukua miaka kabla hujaona ua. Mipaini ya Mufindi ni habari nyingine, mbegu yake ina akiba yake na kibawa cha kupeperushwa na upepo, ndio maana tunakuza kitaluni, tunakata, tunapanda tena. Makangaga ya msitu wa Rungwe hata ua hayana, yanazaliana kwa ungaunga wa vile vidoti vya chini ya jani, mradi pawe na unyevu.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na humo ndani askari wapo, kinachoniuma ni vilima vya vijijini nje ya mpaka. Naomba halmashauri zetu zikague viroba vya chikanda barabarani kama zinavyokagua mkaa, na wataalamu wa vyuo wahangaike kutafuta namna ya kuikuza kitaluni, ili kina mama wanaosomeshea watoto kwa hela hiyo wasikwame.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya