Kidonge kilichokatwa kwa mkasi

Mhariri,

Angalia kinavyonunuliwa. Kijana anajifanya anatazama sabuni mpaka wateja wengine waondoke, kisha anainamia dirisha la duka la dawa: "Nipe kimoja." Muuzaji anachukua mkasi, anakata kidonge, na karatasi ya maelezo inabaki kwenye boksi. Kidonge hicho ni sildenafil (Viagra), dawa ya kusaidia uume usimame. Ni dawa ya cheti cha daktari, ila ili upate cheti lazima umwambie mtu kwamba jogoo hapandi mtungi, na rijali hasemi hayo. Wengine wala hawaumwi. Wanameza wasije wakasimuliwa kijiweni.

Karatasi hiyo ingewaambia kwamba dozi ya kawaida ni miligramu 50, saa moja hivi kabla ya tendo, na isizidi 100 ndani ya saa 24. Ukiimeza juu ya chipsi mayai zinazochuruzika mafuta, inachelewa kuingia kwenye damu, pengine kwa saa nzima. Kijana anaangalia simu, nusu saa imepita, kimya. Anaongeza cha pili. Baadaye vyote vinaamka pamoja: kichwa kinagonga, macho yanaona rangi ya bluu, presha inashuka. Tena dawa hii haileti hamu. Inalegeza mishipa ya damu tu. Hamu uje nayo mwenyewe.

Uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulala, hiyo ni dharura. Damu iliyokwama humo huishiwa oksijeni, nyama za ndani hufa na kuacha kovu, na baada ya hapo huenda usisimame tena. Wenye ugonjwa wa selimundu (sickle cell) wako hatarini hata bila kidonge. Anayesubiri kukuche kwa sababu ya aibu anapoteza kile kile anachokificha.

Aibu hiyo humfuata mpaka hospitali. Mgonjwa wa maumivu ya kifua anaweza kupewa dawa ya jamii ya nitrati, ya kuweka chini ya ulimi. Ikikutana na sildenafil iliyomezwa jana usiku, presha huporomoka kiasi cha kuua. Kama mama amesimama pembeni, mwombe atoke, kisha sema. Na aliyekunywa "mitishamba" asijione amekwepa: wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wamekuta sildenafil imechanganywa humo kimyakimya, bila kipimo.

Mwenye tatizo la kweli aanze na swali moja: alfajiri unaamka umesimama? Kama ndiyo, mishipa na neva kwa kawaida ni nzima. Mara nyingi kinachosumbua ni hofu ya kushindwa, maana hofu humwaga adrenalini, nayo hubana mishipa inayotakiwa kufunguka. Kama hata alfajiri ni kimya kwa wiki kadhaa, pima presha, na sukari kabla ya kula chochote. Presha ya 140/90 au sukari ya 7.0 mmol/L, na kwenda juu, ni ya kupeleka kwa daktari. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo huweza kuonyesha dalili za kuziba miaka kadhaa mapema. Mvutaji wa sigara asingoje afike miaka 50 ndipo apime.

Kwa wenye maduka: mashine ya presha ikae nyuma ya pazia, siyo kaunta. Na hata aliyekuja na cheti aulizwe hukohuko, kwa sauti ya chini: kifua kinakuuma? Una selimundu? Leo umeshameza kingine?

Mfamasia,
Dar es Salaam