Barua kwa Maimuna: hii moya

Lamu, usiku

Mwanangu Maimuna,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Kusi imeanza kuvuma, na abiria wa mashua za Mokowe wanashuka gatini wamelowa hadi magotini.

Juzi ulipogeuza simu unionyeshe chumba chako, nilikiona kile kioo. Wewe ulidhani natazama pazia. Nilihesabu vikaratasi vitano vya manjano, na kimoja nikakisoma vizuri: "Mimi ni bora kuliko wote." Sikusema neno kwa sababu mwenzako alikuwa hapo, na mama hamuaibishi mwanawe mbele ya watu. Basi nimeketi hapa dakani, taa ya mlangoni inanitosha, nakuandikia.

Kwanza ujue sikucheka. Najua vimetoka wapi. Wiki ile ulikosa mshipa wa mgonjwa mara mbili, mkubwa wako wa zamu akakukaripia wodi nzima ikisikia, ukanipigia usiku ukasema, "Mama, mimi sifai kazi hii, mikono yangu mizito." Ulisema hivyo mara tatu katika simu moja. Nilihesabu, tabia ya ualimu haistaafu. Kwa hiyo usidhani hizi unazoziita kauli chanya ndizo kauli zako za kwanza. Ulikuwa na zako zamani, tena umezihifadhi kwa moyo bila kikaratasi: sifai, mikono mizito, wenzangu wameniacha. Hakuna aliyekuagiza uzirudie asubuhi na jioni, na bado hukukosa hata siku moja.

Nimekuwa nikisoma kwenye simu, maana siku hizi sina madaftari ya kusahihisha. Kumbe jambo hili lina mzee wake. Anaitwa Émile Coué, muuza dawa wa Ufaransa, aliyezaliwa 1857 akafariki 1926. Aliwaambia watu kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, na kila usiku kabla ya kulala, wafumbe macho waseme mara 20, kwa sauti ya kusikika na masikio yao tu, kwamba kila siku, kwa kila hali, wanazidi kuwa bora. Na ili akili isishughulike na kuhesabu, washike kamba yenye mafundo 20. Hapo nikaitazama tasbihi ya babako ukutani, nikacheka peke yangu. (Usizichanganye lakini. Tasbihi ni ya kumtaja Mola, si ya kujitaja.) Maneno ya mzee yule hayakunivutia sana. Kamba ndiyo iliyonivutia. Alijua kuwa neno la mara moja haliendi mbali, lataka kitu cha kushika na saa yake.

Sasa nikupe yangu, ambayo sijawahi kukusimulia. Mwaka aliofariki babako, nilipoanza kuuza mahamri ili mshahara ufike mwisho wa mwezi, mtu mmoja redioni alisema: jiambie kila siku "mimi ni tajiri", na utajiri utakujia. Nikajaribu. Alfajiri nimechutama mbele ya karai, mafuta yanachemka, nasema mimi ni tajiri. Papo hapo sauti ndani yangu ikauliza: na daftari la dukani je? Maana nilikuwa nadaiwa unga na sukari, na jina langu lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Nikisema kwa nguvu, nayo inajibu kwa nguvu. Siku ya nne machozi yalikuwa yananidondoka kwenye unga, na wewe umelala hapo kando, hujui lolote.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba sikuwa peke yangu. Mwaka 2009 mwanasaikolojia wa Kanada, Joanne Wood, pamoja na wenzake, waliwataka watu warudierudie kauli kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa wakijithamini tangu hapo walipata nafuu kidogo. Waliojidharau, ambao ndio hasa waliohitaji dawa, walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyo hiyo ambao hawakurudia chochote. Nilipomaliza kusoma nilisema, mimi ningewaambia bure. Moyo una karani wake, mwanangu. Ukimpelekea hesabu asiyoiamini, hufungua madaftari yote ya zamani akutafutie ushahidi.

Watu husema maneno huumba. Huenda. Mimi sijaona neno lililokanda unga.

Nilichofanya ni kupunguza. Utajiri nikauacha, nikajiambia lile tu ambalo karani hawezi kulikataa: "Khadija, jana ulikanda, leo utakanda inshallah." Nililisema kila usiku nikifunika unga kwa leso kuukuu, na alfajiri nikifunua nakuta umeumuka, nalisema tena. Deni lililipwa na iliki na tui la nazi, tena kwa miezi mingi. Lakini kunitoa kitandani saa kumi, hiyo ilikuwa kazi ya yale maneno.

Na uangalie nilivyojiita jina langu. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha mwaka 2014 kwamba watu waliokuwa na wasiwasi wa kuhutubia, walipojisemesha kwa jina lao au kwa "wewe" badala ya "mimi", walitulia zaidi na wakahutubia vizuri zaidi. Nyumba hii hatukusubiri Michigan. Unakumbuka bibi yako na ngazi zetu, zilivyo nyembamba na zilivyosimama, na magoti yake yale? Akipandisha ndoo ya maji juu, kila ngazi alisema, "We Mwanaisha, hii moya." Akikanyaga nyingine, "Hii moya." Hakufika mbili hata siku moja. Ulipokuwa mdogo ulimsahihisha, "Bibi, sasa ni ya pili," akakujibu kuwa mbili ni za wenye magoti mapya.

Basi turudi kwenye kioo chako. Kwanza, wewe si mtu wa kioo. Wafunga mtandio huku unatafuta viatu. Mahali pako ni kwenye bomba. Shirika la Afya Duniani linataka kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60, na wewe wajua zaidi yangu unanawa mara ngapi kwa zamu moja. Juu yake kuna udhu. Kamba ya mafundo unayo tayari, tena ya maji. Hapo ndipo useme, kimya kimya ili wagonjwa wasikushangae: "Maimuna, umefundishwa, umenawa. Mshipa huu mmoja." Usiahidi kuwa hutakosa. Utakosa. Bibi yako naye aliteleza siku moja, maji yakashuka ngazi zote hadi hapa dakani nilipoketi. Akakaa chini akacheka, kisha akaenda kujaza ndoo upya.

Kile cha "bora kuliko wote" kibandue. Kiburi kimo, lakini si hicho kinachonisumbua. Kinakulazimisha kuwapima wenzako kabla hujapiga mswaki. Kile cha pembeni kilichoandikwa "Nilifaulu fiziolojia" kiache. Hicho ni kweli, na risiti za karo ninazo. Vitatu vilivyobaki sikuviona vizuri, utajua mwenyewe.

Mzigo wako nimempa kijana wa mashua, kesho unavuka Mokowe na kupanda basi la Nairobi. Mna achari ya maembe, mahamri (yaliyo juu ni ya mwenzako, usiyaguse), na leso moja. Nilitafuta yenye maneno ya kukupa moyo nikakosa. Unajua wanawake wa pwani, maneno ya leso aghalabu twamwandikia jirani. Hiyo inamsema mtu fulani, lakini rangi yake nzuri, na Nairobi hakuna atakayehisi ameguswa.

Chupa ya achari nimeizungushia gazeti mara tatu, ila barabara unaijua. Ifungulie kwenye beseni. Nipigie baada ya Isha nijue imefika. Ila usichelewe sana, nikishaanza kukanda sishiki simu.

Mamako,
Khadija