Risala ya Kikundi cha Kutunza Magofu, Kilwa Kisiwani, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mambo ya Kale, 18 Aprili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Wilaya na Kata,
Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji na wajumbe wako,
Wazee wetu, masheikh, walimu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima wa kukutana hapa. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu na kuja mwenyewe. Ungeweza kutuma mwakilishi, na tungempokea vizuri, maana tumeshawazoea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya kisiwa hiki ni ndefu na jua linapanda, kwa hiyo tutaipitia mbio. Masimulizi yanasema Ali bin al-Hassan alitoka Shiraz akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Baadaye dhahabu ya Sofala, kusini huko Msumbiji ya leo, ikawa inapita hapa kwenda Uarabuni na Bara Hindi, na mji ukatajirika. Karne ya 14 Sultani al-Hassan bin Suleiman akajenga jumba lake la kifalme, Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, akaupanua na Msikiti Mkuu. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika mwaka 1331 akausifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na merikebu za Kireno, akauteka mji, akajenga ngome, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha. Gereza, yaani ile ngome mnayoiona pale ufukweni, lilijengwa na Waomani, takriban mwaka 1800, juu ya mabaki ya ngome hiyo ya Wareno. Hatufichi pia kwamba bandari hii iliuza watu: mwaka 1776 sultani wa wakati huo alifunga mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka.

Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu yetu pamoja na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa humo. Jambo moja zaidi kabla hatujaiacha historia. Sarafu za shaba zilizopigwa hapa Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, wataalamu wanaendelea kubishana. Sisi tunajua tu kwamba hazikuogelea. Zilipakiwa kwenye chombo, na habari ya chombo ndiyo iliyotuleta mbele yako.

Lakini kwanza mafanikio, maana ni mengi na makubwa. Kikundi kimeleta mageuzi katika usafi wa magofu: vichaka vya Husuni Kubwa tunavifyeka kwa ratiba, na ratiba hiyo imeandikwa. Tumewajengea uwezo vijana wa kutembeza wageni, baadhi yao sasa wanaeleza tofauti ya Msikiti Mkuu wa zamani na ule uliopanuliwa bila kusoma karatasi. Tumepanda mikoko mbele ya Gereza ili kupunguza makali ya mawimbi, na iliyobaki inaendelea vizuri. Tumefungua akaunti ya benki. Tumeweka benchi za kisasa za mbao chini ya mbuyu, ambazo leo mmezikalia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zipo nyingi, ila tumekubaliana tusikuchoshe nazo. Ombi letu ni moja. Hatuna chombo.

Tunaomba boti la faiba lenye injini ya kupachika ya nguvu za farasi 40, pamoja na jaketi okozi za abiria wote. Tunaliomba kwa sababu hizi. Kuta za hapa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na fundi akizitengeneza anatakiwa atumie chokaa, wala si saruji. Mchanga wa ufukweni hatuutumii kwa sababu ya chumvi, tunautoa ng'ambo. Mizigo yote hiyo tunaivusha kwa mashua ya kukodi. Kusi ikishika, wimbi linaingia ndani ya mashua na chokaa inafika imelowa maji ya chumvi. Hapo tumelipia mashua, tumelipia chokaa, na ukuta uko vilevile.

Songo Mnara ndiyo kabisa. Urithi ni mmoja, cheti ni kimoja, lakini kwenda kuangalia kuta za kule inabidi tuombe lifti kwa wavuvi, na mvuvi anakwenda penye samaki. Tunasikia tu kwamba ukuta fulani umeinama. Wageni nao wanafika Kilwa Masoko, kule bara, wanaitazama mashua ya tanga isiyo na jaketi hata moja, wanatupiga picha kutoka ng'ambo kisha wanaendelea na safari. Na mgonjwa akizidiwa usiku, Mheshimiwa, hapo hatuzungumzii tena utalii.

Ombi hili si jipya. Mgeni rasmi mmoja, tuliyempenda sana, alituahidi boti kabla ya Ramadhani. Kosa ni letu, hatukumuuliza Ramadhani ya mwaka gani. Aliyemfuata alituagiza andiko la mradi. Tukaliandika. Ofisi iliyolipokea ikataka nakala, nakala ikatakiwa iwe na muhuri, na ulipopatikana muhuri tukaambiwa mwaka wa fedha umefungwa. Wa tatu alipima ufukwe kwa futi ya fundi, akaandika vipimo kwenye kiganja cha mkono. Wote tunawaombea heri. Mwingine alituletea fulana na kofia, na kama unavyoona tumezivaa. Fulana ni nzuri, Mheshimiwa, ila hazielei.

Tusionekane tumekaa tu kunyoosha mikono. Nahodha tunaye, na leseni anayo. Fedha za mafuta za kuanzia zimo katika akaunti tuliyoitaja. Sehemu ya kuegesha tumeisafisha, mbali na Gereza, ili boti lenyewe lisije likawa adui wa ukuta. Ankara kifani kutoka kwa wauzaji watatu tumeziambatisha, na andiko limegongwa muhuri mapema safari hii, kila ukurasa.

Hatuombi majibu ya papo hapo kuhusu fedha, tunajua taratibu zipo. Tunaomba utamke mambo mawili tu hapa mbele ya wazee: jina la ofisa atakayelishughulikia suala hili, na tarehe ambayo tumfuate. Katibu wetu ameshika kalamu.

Mwisho, tunakuarifu kwa heshima kwamba leo maji yanaanza kupwa mchana, na mashua iliyokuleta, ambayo nayo tumeikodi, yakipwa itakaa juu ya mchanga mpaka usiku. Hivyo tumepanga hotuba yako ianze sasa, na chakula kifuate.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.