Kabla ya kulaumu mafuta, tuulize ilipo themostati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie lalamiko linalosikika hapa Dodoma kila EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo mpya za mafuta, kwamba gari lililokuwa likitumia mafuta kwa kiasi sasa linakula kupita kawaida. Wenye magari yaliyokwisha kutembea kilomita laki mbili na zaidi huamua upesi kuwa injini imechoka, au kuwa wameuziwa mafuta yaliyochakachuliwa, na fundi naye hubadilisha plagi, pampu na nozeli kwa kubahatisha hadi fedha za mteja zinakwisha.

Kwanza tupime. Mshale wa tangi si kipimo, hasa katika gari kuukuu. Jaza hadi pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, tembea hadi tangi lipungue chini ya nusu, kisha rudi kwenye pampu ileile ujaze tena. Kilomita ulizotembea ukizigawa kwa lita zilizoingia, umepata jibu. Zoezi hilo lirudiwe, kwa kuwa safari ya Singida na mizunguko ya mjini hazilingani. Aliyefunga matairi makubwa kuliko ya asili akumbuke pia kwamba mita yake husoma kilomita pungufu, hivyo gari linaweza kuonekana lafi bila kosa lolote.

Ikithibitika kwamba ulaji umeongezeka, mimi ningeanza na themostati. Kifaa hiki kidogo huzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Mafundi wetu wengi, gari likichemsha, hukitoa na kukitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Gari huweza kuacha kuchemsha kwa muda, lakini injini sasa hushindwa kufikia joto lake la kazi, ambalo kwa magari mengi ni nyuzi 80 hadi 95 hivi, na kompyuta ya gari, ikiarifiwa na sensa kwamba injini bado ni ya baridi, huendelea kuongeza petroli kana kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapovuma, hali huzidi. Mashine ya kusoma kompyuta hiyo ikionyesha joto la injini ni nyuzi 60 baada ya mwendo wa kutoka mjini hadi Buigiri, hakuna sababu ya kufungua injini. Na kile kilicholichemsha gari, iwe rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka au kifuniko kisichokaza, bado kipo palepale, kwa hiyo mteja atakilipia siku nyingine.

Themostati ikiwa nzima, ichunguzwe sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye ekzosi, ambayo huzeeka na kilomita na huweza kuipotosha kompyuta muda mrefu kabla taa ya injini haijawaka. Breki inayoshika bila kukanyagwa hutambulika kwa urahisi: baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, na ile yenye moto kuliko wenzake ndiyo ya kufunguliwa. Upepo wa matairi upimwe kwa kufuata kibandiko cha mlangoni mwa dereva. Eya klina isafishwe, maana vumbi letu halina huruma, ingawa kwenye gari la nozeli ikiziba hupunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji. Kuilaumu kwa ulaji wa mafuta ni jambo la zama za kabureta, kabla ya nozeli. Komprisheni ya injini, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ambayo wengi huikimbilia, ningeipima mwisho.

Ombi langu kwa wenye gereji ni kwamba waandike kwenye risiti kila kifaa walichokitoa bila kukirudisha, na risiti hizo zikabidhiwe pamoja na kadi gari linapouzwa.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma